Mchuma Chai wa Sigowet na Kibarua wa Palestina

Wahenga walinena kwamba ukiona mwenzako ananyolewa, zako tia maji. Aghalabu methali hii hufasiriwa kuwa onyo la kujihadhari: lililomfika jirani li njiani kuja kwako. Hata hivyo, kuna swali ndani yake ambalo huachwa kando, nalo linahusu wembe. Nani ameushika, na kwa nini kichwa cha mmoja kikishamalizwa wembe uleule huhamia kwa mwingine? Anayetia maji bila kuuliza swali hilo amejitayarisha kunyolewa tu. Makala haya yanalipeleka swali la wembe hadi Sigowet, katika nchi ya majani chai, na kulitumia kupima jambo ambalo wengi hulidhani kuwa geni huko: madai ya haki ya Wapalestina.

Sigowet iko magharibi mwa mji wa Kericho, katika eneobunge la Sigowet/Soin. Katika sehemu za juu, mkulima mdogo ana vishamba vya majani chai, mahindi na ng'ombe wawili watatu wa maziwa. Ukiteremkia upande wa Soin joto huzidi na miwa huchukua nafasi ya chai. Familia nyingi za eneo hili zimeishi kwa kuweka mguu mmoja katika kishamba chao na mwingine katika mashamba makubwa ya makampuni yanayouzunguka mji wa Kericho na kuenea hadi Bomet. Mkulima anayesubiri bonasi ya mwaka na mchuma chai anayelipwa kwa kilo wanaweza kuwa mtu na dada yake, au mtu yuleyule katika misimu miwili tofauti ya maisha yake.

Watu hawa hawahitaji kufundishwa maana ya kudai haki ya kiuchumi. Palestina, kwa upande mwingine, huonekana kwao kuwa mbali. Barazani, kanisani na ndani ya matatu husikika kauli kwamba hilo ni suala la Waarabu, au la Waislamu wa Pwani, au la wanaharakati wa Nairobi wasio na kazi ya kufanya. Makala haya yanashikilia msimamo tofauti. Mapambano ya mchuma chai na ya Mpalestina yanakutana katika kanuni moja: mnyonge hapaswi kuondolewa katika ardhi yake au kazi yake, na mnyonge mwingine hapaswi kutumiwa kuijaza nafasi iliyoachwa. Vuguvugu litakaloitetea kanuni hii nyumbani na kuikana ugenini litakuwa limeitoboa ngalawa yake lenyewe.

Historia yatosha kuonyesha kwamba umbali huo ni wa ramani tu. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, serikali ya kikoloni ilitenga maelfu ya ekari za Wakipsigis kwa ajili ya maafisa wa Kiingereza waliojeruhiwa vitani, ambao walikusudiwa kulima kitani. Mradi huo ulianguka upesi. Ardhi haikurudishwa kwa wenyewe. Katika miaka ya 1920 iliangukia mikononi mwa makampuni ya chai. Wenyewe walisukumwa katika hifadhi, wakatozwa kodi ya kibanda iliyowalazimu kutafuta fedha, na wengi wao wakaishia kuwa vibarua juu ya udongo uliokuwa malisho ya baba zao. Mwaka 1934 ilipitishwa sheria mahususi ya kuuhamisha ukoo wa Talai, ukoo wa viongozi wa kiroho waliohofiwa na serikali, na mamia ya watu wake wakapelekwa Gwassi, karibu na Ziwa Viktoria.

Katika miaka hiyohiyo, mkono huohuo ulikuwa ukiandika hatima ya Palestina. Mwaka 1903 serikali ya Uingereza ilipendekeza kwa viongozi wa vuguvugu la Kizayuni kwamba Wayahudi waliokuwa wakiteswa Ulaya wapewe makao katika nyanda za Uasin Gishu, kaskazini mwa Kericho. Wenyeji wa nyanda hizo hawakuulizwa. Wajumbe walikuja kuzikagua mapema mwaka 1905, na mwaka huohuo mkutano mkuu wa vuguvugu hilo ukalikataa pendekezo. Lau lingekubaliwa, huenda Wanandi na jamaa zao Wakipsigis ndio wangekuwa wakitajwa leo mahali ambapo Wapalestina hutajwa. Mwaka 1917 waziri Balfour aliahidi kwa jina la Uingereza kuunga mkono kuundwa kwa makao ya kitaifa ya Wayahudi katika Palestina. Kwa mara nyingine tena, wakazi wengi wa nchi iliyoahidiwa hawakuulizwa.

Hata watumishi wa dola hiyo walikuwa walewale. Tarehe 19 Oktoba 1905, Richard Meinertzhagen alimuua Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi kutoka ukoo huohuo wa Talai, katika mkutano ulioitwa kwa kisingizio cha mapatano. Afisa huyo ndiye aliyekuja kuwa Afisa Mkuu wa Siasa wa jeshi la Uingereza katika Palestina na Syria mwaka 1919 na 1920, na mtetezi mkubwa wa mradi wa walowezi huko. Mtu mmoja, dola moja, vilima viwili. Uingereza ilipoondoka Palestina mwaka 1948, Wapalestina zaidi ya 700,000 walipoteza makazi yao katika vita vilivyozuka, tukio wanaloliita Nakba, yaani janga kuu.

Si kwamba mambo hayo mawili yanafanana kwa kila hali. Kenya ilipata uhuru mwaka 1963, na mkazi wa Sigowet ana kura, mahakama na katiba ya mwaka 2010 inayotambua dhuluma za kihistoria kuhusu ardhi. Mpalestina wa Ukingo wa Magharibi anaishi chini ya jeshi la kigeni. Mnamo Julai 2024 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa maoni kwamba kuwapo kwa Israel katika maeneo hayo ni kinyume cha sheria na kunapaswa kukoma haraka iwezekanavyo. Tofauti hizo ni kubwa. Kinachofanana ni hoja inayotolewa na aliyenyang'anywa: kwamba kupita kwa miaka hakuugeuzi wizi kuwa haki.

Hoja hiyo Kericho inaijua vyema. Wakipsigis na Watalai zaidi ya laki moja walitia sahihi malalamiko yaliyofikishwa kwa Umoja wa Mataifa. Mwaka 2021 wataalamu wa haki za binadamu wa umoja huo walieleza wasiwasi wao kwamba Uingereza ilikuwa haijaomba radhi wala kutoa fidia. Agosti 2022 kesi ikawasilishwa katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Mfalme Charles alipoizuru Kenya kati ya Oktoba na Novemba 2023 alitaja huzuni na majuto makubwa, ila neno la kuomba radhi halikutamkwa. Wanaodai haki hizi wamewahi kuambiwa kwamba mambo hayo ni ya zamani mno na kwamba waliohusika wamekwisha kufa. Mpalestina anayeshikilia ufunguo wa nyumba ya babu yake huambiwa maneno yayo hayo. Itakuwaje basi Mkipsigis aikatae hoja hiyo anapoambiwa yeye, kisha aikubali anapoambiwa mwenzake?

Baada ya ardhi huja jasho. Makampuni yalipoanza kuleta mashine za kuchumia majani chai, wachumaji walitambua mapema kwamba mkate wao ulikuwa hatarini. Mwaka 2010 chama chao cha wafanyakazi wa mashambani kiliitisha mgomo kwa sababu hiyo. Mashine ziliendelea kuja. Kwa makadirio ya jopo lililoundwa katika Kaunti ya Kericho, ajira 30,000 zilikuwa zimepotea katika muda wa mwongo mmoja. Mnamo Februari 2023 uchunguzi wa BBC uliwafichua wasimamizi waliowadai wanawake ngono ili wapate kazi, na kuonyesha jinsi uhaba wa kazi unavyogeuka kuwa silaha ya nyapara. Mei 2023 hasira ikafurika: mashine kadhaa zikachomwa moto, polisi wakaitwa, na ikaripotiwa kuwa mwandamanaji mmoja aliuawa. Baadaye mashamba yenyewe yakabadilisha wamiliki, yakahama kutoka mikono ya Uingereza na Ulaya hadi kampuni ya Sri Lanka. Mchuma chai hakuketi katika meza yoyote ya mauzo hayo.

Msomaji aliyezoea kuiona Palestina kupitia mizinga na makombora pekee huenda asijue kwamba mojawapo ya maandamano yake makuu lilizaliwa na vifo vya vibarua. Desemba 1987 lori la kijeshi la Israel liligonga magari yaliyokuwa yakiwarudisha wafanyakazi Gaza kutoka kazini, na wanne wakafa. Mazishi yao yakageuka kuwa maandamano, na maandamano yakawa intifada ya kwanza. Kabla ya hapo, tarehe 30 Machi 1976, raia wa Kiarabu wa Israel waligoma kupinga kunyang'anywa mashamba yao huko Galilaya, na sita wakauawa. Siku hiyo huadhimishwa hadi leo kama Siku ya Ardhi. Mwaka 1989 wakazi wa mji mdogo wa Beit Sahour, jirani na Bethlehemu, walikataa kulipa kodi kwa utawala usiowawakilisha, na jeshi likaingia nyumbani mwao na kubeba vyombo, samani na mitambo ya karakana zao.

Kijana wa Kericho aliyetoka barabarani Juni 2024 kuupinga Mswada wa Fedha hawezi kulisikia tukio la Beit Sahour bila kulitambua. Tarehe 25 Juni waandamanaji waliingia Bungeni. Siku iliyofuata Rais alitangaza kwamba hatautia sahihi mswada huo. Makumi ya vijana walikuwa wameuawa. Jambo lililowashangaza wengi ni kwamba miji ya Bonde la Ufa, ngome ya Rais mwenyewe, Kericho ikiwemo, nayo ilikuwa na waandamanaji. Vijana hao walivunja mazoea ya kuipima haki kwa kabila. Hatua inayofuata ni kuacha kuipima kwa umbali.

Hapa ndipo suala linapoingia ndani ya nyumba ya mchuma chai. Kabla ya Oktoba 2023, Wapalestina zaidi ya 100,000 walikuwa na vibali vya kufanya kazi Israel, katika ujenzi, mashamba na viwanda. Vita vilipoanza, walio wengi walizuiwa kurudi kazini, na maelfu ya vibarua kutoka Thailand wakakimbilia kwao. Mazao yalikuwa yakioza mashambani. Mwishoni mwa mwaka huo, Wizara ya Leba ya Kenya ilitangaza mpango wa kupeleka Wakenya 1,500 kwenda kufanya kazi katika mashamba hayo, kwa mshahara wa dola 1,500 kwa mwezi. Malawi ilikuwa imekwisha kupeleka vijana wake.

Mpango huo unapasa kutazamwa kwa macho ya Sigowet. Kijana ambaye mama yake amepoteza kazi kwa sababu ya mashine anaambiwa kwamba kuna shamba linalomhitaji ng'ambo. Haambiwi kwamba sehemu ya nafasi hizo ilikuwa ya mtu mwingine, baba wa watoto katika Ukingo wa Magharibi au Gaza, aliyefungiwa lango bila kosa lake binafsi. Mchuma chai alipinga kuondolewa na mashine. Sasa mwanawe anaalikwa kuwa mashine ya kumwondoa mwingine. Hakuna haja ya kumlaumu kijana huyo. Njaa haina mjadala, na dola 1,500 ni fedha ambazo kilo za majani chai haziwezi kuzileta nyumbani. Lawama ni ya utaratibu unaowafanya maskini wa nchi mbili washindanie tonge moja, na ya serikali inayouita utaratibu huo mafanikio ya kidiplomasia.

Hatari ya kazi hiyo haikuwa siri. Mashambulizi ya Hamas ya tarehe 7 Oktoba 2023 yaliua watu wapatao 1,200 na mateka wengi wakachukuliwa. Miongoni mwa waliouawa walikuwamo vibarua wa Thailand na vijana wawili Watanzania waliokuwa wamekwenda kujifunza kilimo. Hakuna hoja ya ukombozi inayoweza kuhalalisha kumuua kijana aliyeshika jembe. Kadhalika, hakuna hoja ya kujilinda inayoweza kuhalalisha yaliyofuata Gaza, ambako kufikia mwaka 2025 Wizara ya Afya ya huko ilikuwa imehesabu waliouawa zaidi ya 60,000, wengi wao wanawake na watoto. Anayeitetea haki hana budi kuvitamka vifo vyote hivyo kwa sauti ileile.

Uaminifu huo unaidai Kericho nayo ijitazame. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, wafanyakazi wa mashamba ya chai waliohesabiwa kuwa wageni, hasa kutoka jamii nyingine za Kenya, walivamiwa katika nyumba za kambi. Wengine waliuawa, wengine wakabakwa, wengine wakakimbia bila kitu. Wafanyakazi na jamaa za wahanga 218 waliipeleka kesi London dhidi ya kampuni mama, na mwaka 2018 Mahakama ya Rufani ikawakatalia. Waliowafukuza walikuwa na kilio cha kweli kuhusu ardhi. Waliofukuzwa hawakuwa wamemnyang'anya mtu hata shubiri. Dhuluma ya mlowezi ililipwa na kibarua. Funzo hili ni chungu, nalo linafika hadi Palestina: watu waliokimbia mateso makali Ulaya walisaidiwa kupata makao kwa gharama ya watu ambao hawakuwa wamewatesa. Aliyeonewa naye huweza kuonea, hasa akipewa mnyonge kuliko yeye na kuambiwa kwamba huyo ndiye adui.

Zipo pingamizi mbili zinazostahili kujibiwa. Ya kwanza ni ya kidini. Waumini wengi wa Sigowet huisoma Biblia na kuona kwamba kuitetea Palestina ni kulipinga taifa teule. Ila Biblia hiyohiyo ina kisa cha Nabothi, mkulima aliyekataa kumuuzia mfalme Ahabu shamba la mizabibu la baba zake, akasingiziwa na kuuawa ili shamba lichukuliwe. Aliyekemewa na nabii katika kisa hicho alikuwa mfalme wa Israeli mwenyewe; kiti cha enzi hakikumpa kinga. Tena Beit Sahour iliyogomea kodi ni mji wa Wakristo wengi, na mapokeo huyaweka makonde ya wachungaji wa Krismasi huko. Kumwombea mchungaji wa zamani na kumsahau mjukuu wake aliye hai ni ibada nusu.

Pingamizi la pili husema kwamba shida za Kericho zatosha. Bonasi ikishuka, mkulima hana wasaa wa kuandamana kwa ajili ya Gaza. Pingamizi hili lina uzito, na haifai kulijibu kwa kejeli. Jibu lake ni kwamba hakuna anayemtaka mkulima aziweke shida zake kando. Anatakiwa kuzitaja kwa ukamilifu wake. Bei ya chai huamuliwa katika mnada wa Mombasa na katika masoko ya Pakistan, Misri na Uingereza. Shamba huuzwa London na kununuliwa Colombo. Kesi hupelekwa Strasbourg. Wenye mali wamekwisha kuvuka mipaka zamani; ni mwenye jasho tu anayeshauriwa abaki kwao na ayatazame ya kwao.

Nini basi kifanyike? Kwanza, mikataba ya kupeleka wafanyakazi nje iwekwe wazi mbele ya Bunge na vyama vya wafanyakazi, na iulizwe kila mara: nafasi hii ilikuwa ya nani, na aliondokaje? Pili, wanaodai ardhi ya Kericho na wanaodai ajira katika mashamba yake wakae meza moja, ili Mkipsigis aliyepokonywa shamba na Mkisii aliyefukuzwa kambini wasitumiwe tena kuumizana. Tatu, maandamano yalinde uhai na mali ya mnyonge. Moto wa Mei 2023 ulieleweka, lakini haukurudisha kikapu hata kimoja mgongoni mwa mchumaji, ilhali uliwapa wakubwa kisingizio cha kuleta bunduki. Wakazi wa Beit Sahour hawakuchoma kitu; walifunga mikoba yao tu, na utawala mzima ukatikisika.

Wanafunzi wa Kiswahili wana nafasi yao katika kazi hii. Fasihi ya lugha hii ilimtazama kibarua wa shambani zamani: Alamin Mazrui, katika tamthilia yake Kilio cha Haki iliyotoka mwaka 1981, alimweka mwanamke mfanyakazi mbele ya mgomo, na mwaka uliofuata yeye mwenyewe akatiwa kizuizini bila kufikishwa mahakamani. Katika nyumba za kambi za Kericho, ambako Mkipsigis, Mkisii, Mluo na Mluhya hulala ukuta kwa ukuta, Kiswahili ndicho hutumiwa kupatana bei ya mboga na ndicho hutumiwa kupanga mgomo. Ushahidi wa wachuma chai wazee, walioanza kazi kabla ya mashine, unapotea mwaka baada ya mwaka pamoja nao. Kuukusanya kwa lugha yao ya kambini ni utafiti wenye manufaa kuliko tasnifu nyingi zinazofukia vumbi maktabani.

Methali ya wembe haikukosea. Sigowet imeona kichwa cha mwenzake kikinyolewa, na maji inayo. Kijana atakayeitwa kesho kuziba pengo katika shamba la mbali ana haki ya kulijua jina la aliyelazimishwa kuliacha, kama ambavyo mama yake angependa mtu fulani, mahali fulani, alijue lake.